Nesi Aliyekuja Kunipima Alfajiri

Siku ya kwanza nilimchukia. Nimekaa kwenye kiti cha chumba cha macho pale Lindi, nimevaa kama mtu anayekwenda kwa watu, ushungi nimeukaza kwa pini chini ya kidevu. Anakuja mwanamke mfupi mwenye mikono ya baridi, salamu yenyewe hajaimaliza, anapeleka mkono shingoni kwangu. Nikaudaka. Nikamwambia mimi ni mke wa mtu na bibi wa watu, sivuliwi ushungi mchana kweupe. Kulikuwa na wanaume wawili mle ndani, wamekaa kwenye benchi wanasubiri zamu. Akawatoa nje, akavuta pazia, akarudi.

"Bibi, sikufungui stara," akasema. "Nafungua shingo. Ukijikaba hivi, damu ya kichwani haishuki, jicho linajaa, na mimi naandika ugonjwa uliokuja nao kwenye pini."

Nikalegeza. Si kwa kumpenda. Nililegeza kwa sababu sijawahi kusikia mtu wa hospitali akinieleza jambo langu mpaka mwisho.

Jina lake silitaji, maana hata sisi hatukulitumia. Alikuwa nesi wa macho, basi. Ukisema nesi wa macho kwa watu wa Rutamba, wa Mchinga, hata wale waliokuwa wanashuka kutoka Kilwa, hakuna aliyeuliza yupi. Kwao ni Rondo, mtoto wa wakulima, Mkristo, na mdomo wake ulikuwa wa Rondo hasa, hauna sukari. Kwetu sisi mtu akikupa habari mbaya huanza na habari za mvua. Yeye alianza na habari mbaya, mvua akaiacha juu ya paa.

Mimi jicho la kulia lilikuwa limekwisha kufa kabla sijamjua. Nilikuwa shambani napalilia mbaazi, nikafuta jasho jicho la kushoto kwa upindo wa kanga, dunia ikazimika. Nikaondoa kanga, dunia ikarudi. Nikafunika tena, ikazimika tena. Ndivyo nilivyojua kwamba kwa muda nisioujua nilikuwa natembea na jicho moja. Halikuuma. Halikuwasha. Lilikuwa limeondoka kama mpangaji anayehama bila kuaga. Nesi akaniambia hiyo ni presha ya macho, maji ya ndani ya jicho yanakosa njia ya kutoka, yanaminya mshipa wa kuonea mpaka unakufa, na ukishakufa haufufuki. Akaniambia na la kushoto limekwisha kuanza. Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayekwambia ugali umeungua.

Kwa hiyo kuanzia siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu duniani, jicho la kushoto. Nilikuwa na mjukuu wangu wa kwanza, binti, anasomea ukunga. Nimemlea mwenyewe tangu anatambaa. Nilikuwa nimeapa nitamwona amevaa sare yake, na kumwona kwa macho, si kwa kupapasa uso.

Sasa nieleze huyu nesi alivyokuwa, maana watu wengi walimfahamu kwa ukali tu.

Hakuamini namba. Wenzake wakipima wanaandika, wanaita mwingine. Yeye akipima, anaangalia namba kama mtu anayeangalia mgeni aliyebisha hodi saa isiyofaa. Alikuwa na msemo wake: "Namba ni shahidi. Na shahidi anaweza kuwa amelishwa maneno." Basi anatafuta aliyemlisha.

Mara nyingi aliyelisha ni mgonjwa mwenyewe. Kuna mama mmoja wa Kilwa, mwanamke wa mjini, kanzu imenyooka, alipimwa mahali pengine akaambiwa presha iko juu mno, ajiandae kupasuliwa. Alifika kwa nesi akitetemeka. Nesi akamweka kidevu kwenye chuma cha mashine ya kupimia, akawasha ile taa ya buluu, akapima, kweli iko juu. Akasogea nyuma akamtazama mdomo. Midomo inacheza. Akamuuliza unasema nini. Mama wa watu akasema anasoma Ayatul Kursi, na ameazimia kuimaliza kwa pumzi moja ili ikubaliwe. Nesi akamwambia asome, lakini kwa sauti, na apumue kila kituo. Mama akasoma kwa sauti, nesi akapima, presha ikashuka. Kumbe alikuwa amebana pumzi muda wote, na ukibana pumzi kifua kinasukuma na jicho linapanda. Alirudi Kilwa na macho yake mazima, hana ugonjwa wowote, ana uchamungu tu.

Tangu hapo ikawa sheria ya chumba kile. Ukipita nje ya dirisha unasikia Alhamdu, mara unasikia Salamu Maria, mara mzee asiyejua sala yoyote anahesabu mifugo yake. Wageni walidhani ni chumba cha maombi. Nesi mwenyewe, Mkristo wa Rondo, alifika mahali akajua ni wapi pa kusimama kwenye sura kadhaa kuliko sisi wengine. Nilipomtania kwamba bado shahada tu, akanijibu kwamba yeye anafuata pumzi, njia ya peponi nitamwonyesha mimi.

Mwalimu mkuu mmoja alikuja na tai. Akaambiwa avue. Akasema ni heshima ya kazi. Nesi akamwambia heshima iwekwe mezani, itasubiri. Wanawake wanene kama mimi alitunyanyua viti, maana tukiinama kukifikia kile chuma, matiti na tumbo vinaminywa kwenye meza na presha inapanda kwa ajili ya chakula tulichokula miaka yote. Alikuwa anasema waziwazi hivyo, na watu wanacheka, na wakicheka wanalegea, ndipo anapima.

Waliopaka wanja aliwarudisha bombani. Waliokunywa maji mengi kwa mkupuo, kwa sababu wametoka safari na kiu, aliwaketisha mpaka yatulie mwilini. Ile dawa ya njano anayoidondosha kabla ya kupima, ikizidi anapangusa na kuanza upya, maana ikiwa nyingi namba inanenepa, ikiwa kidogo inakonda. Na kidole chake mwenyewe alikihofia kuliko chochote. Alikuwa akifungua kope anaibana kwenye mfupa, hagusi jicho lenyewe. Aliwahi kuniambia kuwa nesi akiwa na haraka kidole chake huandika ugonjwa wa mtu.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa kuhakiki kila kitu. Kwa samaki alishindwa. Pale feri wauzaji walikuwa wakimwona tu wanafurahi. Atauliza samaki ni wa leo, ataambiwa ni wa leo, atalipa. Nilikwenda naye siku moja nikafunua shavu la changu aliyekuwa amemshika, limepauka kama kitambaa cha kudekia. Nikamuuliza yeye anayemhoji kila mtu mpaka kope, imekuwaje samaki haulizwi. Akasema samaki hana haja ya kumdanganya. Nikamwambia samaki hana, lakini muuzaji anayo. Alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe.

Na macho yake mwenyewe, usimguse. Siku moja mdudu alimwingia jichoni. Mwenzake akaleta matone, nesi akabana macho kama mtoto, akashika meza kwa mikono yote miwili, akamwambia mwenzake asubiri kwanza, asubiri, asubiri. Sisi kwenye benchi tukamwimbia, pumua mama, soma kwa sauti. Hakutusamehe wiki nzima.

Kitu kimoja hakikuwa na mzaha kwake, nacho ni matone ya dawa. Kulikuwa na mtindo kwetu, na mpaka leo upo. Mtu anapewa dawa adondoshe kila siku. Anadondosha siku tatu, haoni tofauti, anaweka chupa kwenye kabati. Siku ya kliniki inakaribia, anaitoa, anadondosha jana yake na asubuhi yake, kama unavyofagia uwanja kwa sababu mkwe anakuja. Anapimwa, presha nzuri. Anasifiwa. Anarudi nyumbani kuwa kipofu polepole huku kadi yake inang'ara. Nesi aliwajua kwa kuuliza chupa iko wapi na kuitikisa.

Ndiyo maana mimi alinidhania hivyo.

Ilikuwa hivi. Nilidondosha dawa kama nilivyoambiwa, asubuhi na jioni. Mimi ni mtu wa Rutamba, nikisema nafanya nafanya. Kila nikienda Lindi napimwa, namba nzuri. Lakini nyumbani mambo yalikuwa yanapungua. Kuku ananijia miguuni sijamwona alikotokea. Nikamimina chai pembeni ya kikombe mbele ya wageni. Nikamkanyaga mtoto wa jirani aliyekaa kando ya mkeka. Dunia ilikuwa inaingia ndani, inaingia ndani, kama unachungulia kwenye bomba.

Nikamwambia. Akatikisa chupa, akaniuliza, bibi, unadondosha kweli au unanifagilia uwanja? Nikasimama. Nikamwambia nikiwa naongopa, na hili moja lizime hapahapa mbele yake. Akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea: Rutamba tunatoka saa ngapi na tunafika kwake saa ngapi.

Nikamwambia anajua. Sisi wa kule gari letu ni lilelile, linazunguka kubeba watu na magunia, njia ikiwa na matope ndiyo usiseme. Tunaingia pale adhuhuri, hatujawahi kufika kabla. Wa mjini wanapimwa asubuhi, sisi mchana wakishaondoka.

Halafu akanisimulia habari ya mzee mmoja wa upande wetu, mkulima wa ufuta, ambaye alimpima miaka mingi na namba zake zilikuwa nzuri kuliko za mtu yeyote. Siku ya mwisho mzee yule aliingia ameshikwa mkono na mkewe. Akamwambia nesi: "Mwanangu, ulisema presha yangu nzuri. Mbona siku hizi jua halichomozi?" Nesi alinieleza hayo akiwa anapanga vitu vyake mezani, hanitazami. Alisema alidhani mzee alikuwa anafagia uwanja. Alimgombeza mpaka akaingia kipofu. Na huenda mzee alikuwa mkweli.

Ijumaa ya wiki hiyo akaja Rutamba. Hakutumwa. Alishuka kwenye gari jioni na mkoba wake, na kile kipimo kidogo cha mkononi kinachofanana na tochi, amekiazima kwa daktari wa macho wa pale hospitali, ambaye alimwambia nenda, na mimi nataka kujua. Nikampikia ugali na kisamvu cha nazi, akala sana. Akaniambia nilale kama kawaida yangu, nidondoshe dawa kama kawaida yangu, nisiamke mapema kwa ajili yake.

Aliniamsha kabla muadhini hajamaliza. Sijanawa uso, sijaenda popote. Akanikalisha kitandani, shingo wazi, akasema nisome. Nikasoma. Akapima. Akaenda kusimama mlangoni, akarudi, akapima tena. Mara ya tatu aliniomba nisome polepole, na nilimsikia na yeye anapumua pamoja na mimi.

"Bibi," akasema, "mimi nimekuwa nalinda shamba mchana. Nguruwe wanaingia alfajiri."

Sikuhitaji tafsiri. Hakuna mtu kwetu ambaye hajaamka akakuta mihogo imefukuliwa, na jana jioni shamba lilikuwa salama. Presha yangu ilikuwa inapanda wakati nimelala na kukucha, inaminya mshipa, halafu kufikia adhuhuri imeshashuka, imenawa uso, inakuja mbele ya kipimo kama mtu mwema. Namba za mchana hazikuwa uongo. Zilikuwa za mchana tu.

Akataka kuniomba radhi kwa lile neno la kufagia uwanja. Nikamwambia aache, anywe uji.

Asubuhi hiyohiyo akapita nyumba za wagonjwa wake wote wa Rutamba kabla jua halijawa kali. Wengine walikuwa sawa. Wengine hapana. Aliporudi mjini alisumbua kila ofisi yenye mlango. Aliambiwa kliniki haiwezi kwenda kijijini kila mwezi, gari hakuna. Akasema basi watu watakuja jana yake walale. Akaambiwa vitanda ni vya wagonjwa. Akazunguka kwa ndugu zetu waliopo Lindi, nyumba kwa nyumba, anawaambia shangazi yako atalala hapa Jumanne, umpokee, kesho yake umlete alfajiri kabla hajala. Watu walimwogopa, wakatupokea. Mpaka leo sisi wa Rutamba tunalala mjini siku moja kabla. Ukituona jioni ile tunashuka na vimikoba vyetu, usidhani tumekuja harusini.

Lakini kwangu mimi dawa peke yake ilikuwa haitoshi tena. Daktari akasema jicho lifanyiwe upasuaji, lichongewe kijinjia cha kutolea maji. Mwanangu mkubwa akapandisha hasira. Akasema mama una jicho moja, halafu unawapa walitoboe? Likiharibika utaona na nini? Akamgeukia nesi, akamtaka aape kwamba nitapona. Nilitegemea atalainisha. Hakulainisha.

"Siwezi kuapa," alimwambia. "Mama yako hataona zaidi ya anavyoona leo. Kilichokwenda kimekwenda. Na upasuaji nao una hatari yake. Ninachokitaka ni kwamba kilichobaki kibaki."

Mwanangu akasema basi tungoje. Nesi akamwambia kungoja ni uamuzi vilevile, na nguruwe hawangoji.

Wakawa wananijadili kama mbuzi mnadani. Nikawaambia wote wawili wanyamaze. Jicho ni langu. Nimelitumia kulima, kulea, kuzika. Nikamwambia daktari aandike siku. Sikulia, na siku yenyewe nilikwenda kwa miguu yangu, mjukuu wangu amenishika mkono. Nilipotolewa bandeji niliona kidogo kuliko nilivyoingia, kwa ukungu, nikamchukia nesi mara ya pili. Kisha ukungu ukaondoka. Mjukuu wangu alipovaa sare nilimwona. Kola yake imekaa upande. Nikaiweka sawa mbele ya watu, akaona haya, mimi sikuona.

Nesi alistaafu akarudi kwao Rondo. Alikuja mwingine, binti mpole, anapima vizuri, tunamwelekeza.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya mbaazi, nilimtaka mjukuu wangu anipeleke Rondo. Tulimkuta jikoni kwake nje, amepungua, nywele zimekuwa nyeupe, anachemsha mihogo. Shikamoo yake ilikuwa ileile, anaisema huku macho yake yanakagua macho yako. Nikamwambia Rondo kuna baridi, haishangazi watu wake wana mikono ya maiti. Akaniambia Rutamba kuna joto, haishangazi watu wake wana midomo isiyofungwa. Tukakumbatiana.

Aliniuliza napimwa saa ngapi. Alfajiri. Nadondosha? Nadondosha. Namba? Nikamtajia. Akaitikia kwa puani, kama mimi nikiambiwa samaki ni wa leo.

Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, magoti yetu yanagusana. Akanitaka nimtazame yeye puani, nisigeuze jicho. Akapeleka mkono nyuma ya sikio langu la kushoto, kule ambako kwangu mimi hakuna kitu, akasema anachezesha vidole na anavileta mbele polepole, niseme nitakapoviona. Akaniambia kabla hajastaafu aliufanya mchezo huu kwangu na anakumbuka viliishia wapi.

Namba ni namba, lakini hii ilikuwa dunia yenyewe, ukubwa wake uliobaki. Kama imepungua tena, maana yake nguruwe wamepata njia nyingine. Niliangalia pua yake. Mkono nilijua unakuja, nausikia unavyosogeza hewa karibu na shavu, na ulimi ulitaka kusema ndiyo kabla ya wakati wake.

"Usinifurahishe, bibi," akasema.

Nikaufunga mdomo. Nikangoja. Nikangoja mpaka nikaona kweli, ncha za vidole, vinacheza pembeni kama panzi.

"Sasa," nikasema.

Mkono ukasimama hapohapo hewani. Aliutazama mkono, akanitazama mimi, akautazama mkono tena.

"Hapajasogea," akasema taratibu. "Ni palepale."

Nikataka kusema Alhamdulillahi, nikasikia harufu. Nikamwambia mihogo yake inaungua.

"Iache iungue," akasema, mkono tayari umerudi nyuma ya sikio. "Usitikise kichwa. Narudia."

Nikatulia. Moshi ukatujaa puani, mjukuu wangu akakimbilia sufuria, na mimi sikugeuka. Nilimtazama nesi wangu usoni, nikapumua, na vidole vikachomoza palepale.